Wanaosoma Ughaibuni Hurejea na Nini?



Ndugu Waislamu, kila mwaka vijana wetu huondoka kwenda kusoma Madina, Cairo, Uturuki na Malaysia. Wapo wazazi wanaouza hata kiwanja ili ipatikane nauli. Tukiulizwa vijana hao wamerejea na nini, wengi wetu hutaja shahada. Lakini ipo elimu isiyoandikwa katika shahada, nayo ni kuwaona Waislamu wengine wakimwabudu Mola huyo huyo kwa namna ambayo kijana hakuizoea.

Aliyelelewa katika mwambao wetu, yalikoenea madhehebu ya Imamu Shafii, hukua akisikia qunuti kila Alfajiri. Akifika Uturuki na kuswali nyuma ya imamu wa Kihanafi, haisikii qunuti hiyo, wala Bismillahi haisomwi kwa sauti. Huko Sudan, kwenye Wamaliki wengi, wanafunzi wetu walikuta wazee wakiswali mikono imeshushwa ubavuni. (Twasema “walikuta” kwa huzuni, maana vita vilivyozuka Khartoum Aprili 2023 viliwarudisha wengi kabla hawajamaliza masomo.) Mwanzoni kijana hushangaa. Akikaa na mashekhe wa huko na kuwauliza dalili zao, hutambua kwamba nao wana hadithi na hoja.

Imamu Shafii mwenyewe alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, kisha Baghdad kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alihitilafiana na walimu wake bila ya kuwavunjia heshima. Alipohamia Misri alizipitia upya kauli zake za Iraq na kuzibadili nyingi, ndiyo maana vitabu vya fiqhi hadi leo hutaja kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Na kwetu hapa, Sheikh Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa tayari kadhi wa Zanzibar alipofunga safari katika miaka ya 1880 kwenda Istanbul kuongeza elimu.

Hata hivyo, tumeona na mengine. Wapo wanaokaa ughaibuni miaka mitano wasichanganyike ila na wenye fikra moja nao, na wakirejea, neno la kwanza kwa baba ni kwamba swala yake ina kasoro. Zipo nyumba ambamo baba anaswalisha sebuleni na mwanawe anaswali peke yake chumbani. Kwa maoni yetu, kijana wa namna hiyo amesafiri kwa kiwiliwili tu, lakini lawama si yake peke yake. Sisi wazazi tukipiga simu huuliza mitihani, baridi na chakula. Ni nadra kuuliza ameswali na akina nani na amejifunza nini kwao.

Surat At-Tawba, aya ya 122, imetaja kundi linalojifunza dini ili liwaonye watu wao litakaporejea kwao. Kujifunza huko kumefungamanishwa na kurejea. Nabii Musa naye, katika Surat Al-Kahf, aliposafiri kutafuta elimu aliwekewa sharti la kusubiri na kutouliza mpaka aelezwe.

Baadhi ya misikiti humpa aliyerejea darsa fupi baina ya Magharibi na Isha. Tungependa wazee wamuulize kwanza habari za misikiti aliyoswali huko, ndipo wamuulize hukumu.