Kuchukulia, Kukadiria na Kukisia: Lugha ya Vielelezo vya Hesabu

Katika hesabu tulizozizoea shuleni, swali huja likiwa limekwisha kupikwa: namba zote zimetajwa, na jawabu ni moja. Kuunda vielelezo vya hesabu ni kazi ya namna nyingine. Kundi la wanafunzi hupewa jambo la dunia, nao hupaswa kuamua wenyewe kipi kipimwe na kipi kiachwe. Huko Marekani, tangu mwaka 1999, yako mashindano ya shule za sekondari yaitwayo HiMCM, ambamo kundi lisilozidi wanafunzi wanne hutoa si jawabu tu, bali insha nzima ya kueleza njia waliyoipita. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tushughulikao na lugha.

Natutwae mfano wa kubuni. Shule ya bweni ya pwani ina wanafunzi 400 na paa la bati la mita za mraba 200. Je, mvua ya masika yaweza kuwatosha kwa maji ya kunywa hata vuli ije? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; hilo halina ubishi. Mengine yote yana ubishi. Tuseme masika, Machi hadi Mei, huleta milimita 500, na sehemu moja katika tano hupotea njiani. Zitapatikana lita 80,000. Kila mtu akinywa lita moja kwa siku, siku 122 za Juni hadi Septemba zahitaji lita 48,800. Mwanafunzi wa kwanza atasema maji yatosha na kubaki. Mwenziwe atamkumbusha kwamba wakati wa masika nako watu hunywa: siku 92 zimekwisha kula lita 36,800, zimesalia 43,200 tu. Zimepungua lita 5,600, yaani maji ya siku 14. Huyo wa kwanza hakukosea kuzidisha wala kutoa. Alikosea kulieleza jambo, na ni nadra mtu kuliona kosa la namna hiyo akiwa peke yake.

Sasa tuyasikilize maneno yao. Milimita 500 wamezikadiria, kwa kutazama kumbukumbu za mvua. Sehemu moja katika tano wameikisia tu, mpaka watakapotega pipa na kupima. Lita moja kwa kila mtu wameichukulia. Vitenzi hivi vitatu havilingani uzito, na insha inayovichanganya haiaminiki. Wengi hutumia kudhani mahali pa kuchukulia, nami sioni kuwa yafaa. Mwenye kudhani ana imani ndani yake, hata kama imani hiyo ni dhaifu. Mwenye kuchukulia hakufungwa na lolote, na kesho aweza kuweka robo tatu ya lita aone upungufu ukigeuka ziada ya lita 15,800.

Jina la kitu chenyewe nalo lina matata. Mfano limekwisha kubebeshwa mzigo mwingi mno darasani. Kigezo sasa latumika kwa kipimo cha kuhukumia. Modeli laeleweka, lakini halimwambii mwanafunzi lolote. Mimi napendelea kielelezo, kwa kuwa lina undugu na kueleza, na kueleza ndiko kazi yenyewe.

Nchini Tanzania shule nyingi za sekondari hufundisha hesabu kwa Kiingereza. Kundi likiachwa lenyewe hujadiliana kwa Kiswahili, kisha huandika kwa Kiingereza, na mara nyingi tofauti zilizopatikana kwa mabishano hupotea katika kuandika. Ningependa mwalimu adai kwanza ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye kutaja kila kilichochukuliwa, kilichokadiriwa na kilichokisiwa, pamoja na jina la mwanafunzi aliyekipinga.