Jaji wa Mbali Anapoketi Karibu

Tarehe 21 Februari 2011, mjini Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, majaji wa kijeshi wakiongozwa na Kanali Freddy Mukendi walimhukumu Luteni Kanali Mutuare Daniel Kibibi kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Usiku wa Mwaka Mpya, majuma saba kabla yake, wanajeshi waliokuwa chini yake walishuka mitaani Fizi, wakavunja milango, wakapora, wakapiga watu na kubaka wanawake. Wanawake 49 walikuja mahakamani kusema walichotendewa. Maofisa wengine watatu walipewa miaka 20 vilevile, wanajeshi watano wakapewa kati ya miaka 10 na 15, mmoja akaachiwa huru, na mmoja aliyeonekana kuwa bado mtoto akapelekwa kwenye mahakama ya watoto.

Miaka kumi kasoro siku moja kabla ya hapo, tarehe 22 Februari 2001, majaji watatu walisoma hukumu nyingine mjini The Hague, Uholanzi. Kesi ilihusu mji wa Foča, Bosnia, ambako mwaka 1992 wanawake na wasichana Waislamu walifungiwa na kubakwa kwa miezi. Kiti cha kati kilikaliwa na Florence Mumba wa Zambia. Pembeni yake walikuwa Fausto Pocar wa Italia na David Hunt wa Australia. Waliwatia hatiani Dragoljub Kunarac, Radomir Kovač na Zoran Vuković, wakawapa miaka 28, 20 na 12.

Nataka kueleza kwa nini mtu wa Minembwe, wa Fizi au wa Baraka ana sababu ya kujua maisha ya kazi ya jaji kama Hunt. Sheria iliyotumika Baraka haikuanguka kutoka juu. Ilijengwa na majaji, kesi baada ya kesi, na baadhi yao walikuwa watu ambao kabla ya hapo hawakuwahi kushughulika na vita hata kidogo.

Hunt alikuwa mtu wa Sydney. Aliingia Mahakama Kuu ya jimbo la New South Wales mwaka 1979, baada ya miaka mingi ya uwakili. Ndivyo Australia inavyofanya, kama ilivyoachiwa na Waingereza: jaji huchukuliwa kutoka kwa mawakili waliokwisha kukomaa, watu waliosimama upande wa washtakiwa na upande wa wadai hadi wakajua hila za pande zote. Alipata jina kwanza katika kesi za kashfa, zile ambazo mtu anayashtaki magazeti kwa kumchafulia jina. Baadaye akawa kiongozi wa majaji wa kitengo kimojawapo kikubwa cha mahakama hiyo, na mwaka 1996 akasimamia kesi ya Ivan Milat, aliyewaua vijana saba wasafiri na kuwafukia katika msitu wa Belanglo. Australia nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu Milat mdomoni. Kazi ya jaji ilikuwa kuhakikisha kwamba raia 12 walioapishwa kuamua kesi wanapima ushahidi ulioletwa mbele yao, na kuacha nje yale waliyosoma magazetini. Milat alifungwa maisha. Mwaka 1998 Hunt akaenda The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani, akakaa huko hadi 2003.

Kongo jaji hupatikana kwa njia nyingine kabisa. Sheria ya Oktoba 2006 kuhusu hadhi ya mahakimu inamtaka Mkongo mwenye shahada ya sheria afanye mtihani wa ushindani, kisha Rais amteue kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Anaingia akiwa kijana na kupanda ngazi kwa ngazi, leo akiwa hakimu, kesho akiwa mwendesha mashtaka, akihamishwa kutoka mkoa hadi mkoa. Jaji wa kijeshi ana mzigo wa ziada, kwa sababu yeye pia ni ofisa mwenye cheo, na cheo kina uzito wa kisheria. Mwanajeshi wa kawaida hadi kapteni hushtakiwa katika mahakama ya kijeshi ya garnizoni. Kuanzia meja hadi kanali kesi huenda kwenye Mahakama ya Kijeshi ya mkoa. Jenerali huhukumiwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Ndiyo maana kesi ya Kibibi, luteni kanali, haikuweza kuishia kwenye mahakama ya garnizoni ya Uvira. Ilibidi mahakama ya mkoa ifunge safari kutoka Bukavu, ipite Uvira, ifuate ziwa hadi Baraka. Jopo lake lina watu watano, na baadhi yao ni maofisa wa jeshi ambao hawakusomea sheria.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Mbele ya jaji yuko mwanamke anayesema: mlango ulipigwa teke usiku, akaingia mtu mwenye bunduki. Wakili wa utetezi anauliza: ulipiga kelele? Ulipambana? Una jeraha gani? Zamani mahakama nyingi duniani zilikuwa zinaishia hapo. Ambaye hana jeraha hana kesi.

Ukuta huo ulianza kubomoka Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa kwa Rwanda, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa bogomesta (meya) wa Taba, ilieleza kwa mara ya kwanza katika sheria ya kimataifa ubakaji ni nini, ikatamka pia kwamba unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Laïty Kama wa Senegal aliongoza jopo, akiwa na Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Kesi ya Foča ikasogeza hatua nyingine. Mumba, Hunt na Pocar walisema kiini cha ubakaji ni kukosekana kwa ridhaa ya mtu aliye huru, na ridhaa hiyo hupimwa kwa kuangalia hali yote iliyomzunguka. Kunarac alijitetea kwamba mmoja wa wale wasichana ndiye aliyemshawishi yeye. Majaji wakaangalia: msichana alikuwa mateka, na kabla ya hapo alikuwa ametishwa na mmoja wa wenzake Kunarac. Wakaukataa utetezi huo. Mtu aliyeshikwa na wenye silaha hahitaji kuonyesha kwamba alipigana nao ndipo aaminiwe.

Mumba aliyeketi katikati anatoka nchi inayogusa ziwa lilelile la Baraka, kwa upande wa kusini. Nalitaja hilo kwa sababu watu wetu wamezoea kudhani sheria hii ni ya Wazungu. Waafrika walikuwa kwenye viti vya mbele ilipokuwa inaundwa.

Mukendi na wenzake walikuwa na chaguo zito pale Baraka. Kanuni ya adhabu ya kijeshi ya Kongo ya Novemba 2002 inataja uhalifu dhidi ya ubinadamu, lakini maelezo yake yamechanganyika na uhalifu wa kivita, na ina adhabu ya kifo. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, una maelezo safi zaidi na hauna kifo. Kongo iliuridhia mwaka 2002, na Katiba ya 2006, ibara ya 153, inasema wazi kwamba mahakama zote, za kiraia na za kijeshi, zitatumia mikataba iliyoridhiwa. Mahakama ya garnizoni ya Mbandaka ilikuwa imekwisha kuipita njia hiyo Aprili 2006, katika kesi ya ubakaji wa Songo Mboyo. Baraka iliifuata. Ili ubakaji uwe uhalifu dhidi ya ubinadamu, lazima uwe sehemu ya shambulio kubwa au la mpangilio dhidi ya raia, na mtendaji ajue hivyo. Kwa hiyo kila mwanamke kati ya wale 49 alikuwa anathibitisha mambo mawili kwa pamoja: lililompata yeye, na sura ya usiku mzima. Walinzi wa Kibibi mwenyewe walitoa ushahidi dhidi yake. Bila kuonekana kwa mnyororo wa amri, kesi ingebaki ya askari walevi wasiojulikana, na mkubwa wao angerudi kazini.

Kesi ilianza tarehe 10 Februari ikaisha tarehe 21. Washtakiwa 11, siku 12. Fedha za mahakama inayotembea zilitoka kwa wafadhili, miongoni mwao mashirika ya kisheria ya kimataifa, na fedha za namna hiyo zina mwisho wake. Jaji anajua gari la kumrudisha lina tarehe. Hili linanisumbua, na ninalisema nikiwa nafurahia hukumu ile kwa moyo wote.

Hunt alikumbana na jambo hilohilo kwa sura nyingine. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulikuwa unataka mahakama ya The Hague ifunge kazi. Katika kesi ya Slobodan Milošević, aliyekuwa rais wa Serbia, majaji wenzake wa rufaa waliruhusu maelezo ya maandishi yachukue nafasi ya sehemu ya ushahidi wa mdomo ili muda uokolewe. Hunt akaandika peke yake kupinga. Alisema haki za mshtakiwa hazipaswi kupunguzwa kwa sababu ya ratiba, na kwamba uamuzi wa aina hiyo utaacha doa kwenye jina la mahakama. Huyu ndiye aliyewafunga wabakaji wa Foča. Hakuwa na huruma na uhalifu wao. Alichojua ni kwamba hukumu iliyopikwa haraka ndiyo ya kwanza kuvunjika kwenye rufaa, na inapovunjika anayelia ni yuleyule mwanamke aliyethubutu kusimama.

Baraka haikuanguka kwenye shimo hilo kirahisi. Washtakiwa walikuwa na mawakili, mashahidi walisikilizwa ana kwa ana, na kuachiwa kwa mmoja kunaonyesha kwamba majaji walitenganisha mtu na mtu. Kwangu, yule aliyeachiwa huru ni sehemu muhimu ya thamani ya hukumu ile.

Udhaifu ulikuja baadaye. Mahakama iliagiza waathirika walipwe fidia ya hadi dola 10,000 kila mmoja, na serikali iwajibike pamoja na waliohukumiwa. Nchini Kongo fidia za aina hiyo, kwa sehemu kubwa, zimebaki kwenye karatasi. Mwathirika anayetaka kuidai hukutana na gharama za nakala ya hukumu na ada ya asilimia juu ya fedha ambazo hajazishika, isipokuwa apate cheti cha umaskini. Rufaa nayo inakwenda Kinshasa, kilomita 1,500 hivi kwa ndege kutoka Baraka. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa kitaifa wa fidia, FONAREV, kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kingono unaohusiana na migogoro na wa uhalifu mwingine mkubwa. Ni hatua ya kweli, ila mwanamke wa kijijini bado anahitaji mtu wa kumfikishia jina lake huko.

Tukipanda milimani, Minembwe iko juu ya mita 2,000, ndani ya eneo hilohilo la Fizi, na barabara yake wakati wa mvua inajulikana kwa ubovu. Tangu 2017 nyanda za juu zimeona vijiji vikichomwa na ng'ombe wakiporwa kwa maelfu, na wameuawa Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliru na Wanyindu. Hata swali la nani atawale Minembwe liliwasha moto: wilaya yake ya vijijini ilizinduliwa mwishoni mwa Septemba 2020, na kabla ya siku kumi na tano kupita Rais Tshisekedi akaufuta uamuzi huo. Mahali kama hapo, swali la kwanza juu ya jaji ni: huyu ni mtoto wa nani? Swali hilo ni la haki. Hunt hakuwa na ndugu Foča, wala shamba, wala kisasi, na huo ugeni wake ulikuwa mtaji. Hata hivyo The Hague ilikuwa mbali mno na Foča kiasi kwamba wengi wa mji ule hawakuona lolote. Mahakama ya Baraka iliunganisha vyote viwili: majaji wageni, wameketi palipo na watu, umati ukisimama nje kusikia.

Tangu 2013 sheria inaziruhusu pia mahakama za rufaa za kiraia kusikiliza uhalifu huu, na kwa hiyo cheo cha kijeshi si sharti tena la kuketi kwenye kiti hicho. Lakini tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, hata makao ya mahakama hizo yametikisika. Katika hali hii kesi za milimani zitachelewa, tena sana. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauishiwi muda kisheria. Kinachoisha ni ushahidi. Cheti cha daktari kinachoandika tarehe ya kwanza mgonjwa alipofika, na alama alizokutwa nazo, kina uzito kuliko kilichoandikwa miezi sita baadaye kwa kukumbuka. Jina la kikosi, cheo ambacho mshambuliaji aliitwa na wenzake, lugha waliyosemeshana, saa waliyoingia na njia waliyoondokea: hayo ndiyo yanayoweza kumfikisha mkubwa wa askari kizimbani, na mtu yeyote anayejua kuandika anaweza kuyaweka kwenye daftari leo, nakala mbili, moja ihifadhiwe nje ya kijiji.