Damu, Mjumbe wa Moyo

Wasomaji wetu watukufu, hasa mama zetu na dada zetu, juma hili tumeona tuzungumzie kipimo cha damu ambacho mgonjwa wa mshtuko wa moyo huweza kufanyiwa, na ambacho jamaa wengi hulisikia jina lake hospitalini wasijue maana yake.

Tangu zamani tumeujua moyo kuwa ni pampu ya damu. Mwaka 1981, mtaalamu Adolfo de Bold na wenzake huko Kingston, nchini Kanada, walitoa majimaji katika vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine. Panya hao wakakojoa maji na chumvi kwa wingi usio wa kawaida. Hapo ikadhihirika kwamba moyo ni tezi pia, nao hutengeneza homoni inayoziamrisha figo. Mwaka 1988, wataalamu wa Japani wakagundua homoni ya jamii hiyo katika ubongo wa nguruwe, ikaitwa BNP. Baadaye ilibainika kwamba hutoka zaidi katika vyumba vya chini vya moyo wenyewe.

Mshipa unaoulisha moyo unapoziba, sehemu ya nyama yake hufa. Nyama iliyosalia hubeba mzigo wa iliyokufa, na kuta za moyo hutanuka. Moyo ulioelemewa humimina BNP katika damu ili mishipa ilegee, maji na chumvi vitoke kwa mkojo, na mzigo upungue. Kadiri moyo unavyoelemewa, ndivyo kiwango kinavyopanda.

Tusichanganye vipimo viwili. Troponini ni protini, si homoni. Hiyo huonyesha kuwa nyama ya moyo imejeruhiwa, nayo humsaidia daktari, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, kuuthibitisha mshtuko. BNP huonyesha jinsi moyo uliosalia unavyotaabika. Imethibitika kwamba wagonjwa ambao kiwango chao ni cha juu baada ya mshtuko wamo katika hatari kubwa zaidi ya moyo kushindwa kufanya kazi, na hata ya kufariki. Kwa hiyo wanahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Hata hivyo, kipimo si hukumu, na umri wa mja anaujua Mola wake. Uzee na maradhi ya figo hukipandisha kiwango hicho, na unene hukishusha. Basi tusiisome karatasi peke yetu nyumbani tukaogopa au tukajipa matumaini bure; tumwachie daktari aisome pamoja na hali ya mgonjwa.

Neno letu kubwa ni kwa wanawake. Mshtuko wa moyo hauji daima kwa maumivu makali ya kifua. Huweza kuja kwa kichefuchefu, pumzi kukatika, uchovu mzito, au maumivu ya taya, mgongo au tumbo la juu. Mama husema ni gesi, akanywa maji ya tangawizi, akaendelea kupika hadi kila mtu ale. Saa hizo ndizo nyama ya moyo inapokufa. Damu ina khabari, lakini haiwezi kuitoa mpaka ifikishwe kwa mwenye kuipima. Mume na watoto wasingoje mama aombe kupelekwa.

Na aliyekwisha kurudi nyumbani asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Ajipime uzito kila asubuhi. Uzito ukipanda ghafla, miguu ikivimba, au akihitaji mito zaidi ili apumue usiku, arudi hospitali upesi. Kabla ya Ramadhani amwulize daktari kuhusu kufunga. Mgonjwa amepewa ruhusa, na kuitumia si upungufu wa imani.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.