Mtoto Akikuambia, Si Kama Kwenye Televisheni

Wengi mna vijana wanaotazama Heartstopper. Mwaka 2022 Nick alimwambia mama yake kuwa Charlie ni mpenzi wake. Akakumbatiwa, yakaisha. Msimu wa 2023 una ukweli zaidi: kaka anamkejeli, na Nick anahangaika kuwaambia wengine. Ndivyo tunavyoona kazini. Kijana analalamika hapati usingizi, na nesi ndiye wa kwanza kuambiwa.

Kisichomo ni simu ya shangazi kutoka Mombasa. (Eti nani kamwambia?) Mzazi, msikilize mwanao. Akisema amechoka kuishi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na usimwambie ndugu yeyote bila ruhusa yake: Kenya ngono ya wanaume wawili bado ina kifungo cha hadi miaka 14, na yeye Desemba anataka kwenda kumsalimia nyanya yake.