Mtoto amemaliza mwaka wa nane: achukue opsyo gani?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, hapa Lubumbashi, swali moja linarudi mlangoni mwa kanisa baada ya ibada: "Mtoto wangu amemaliza mwaka wa nane. Tumwandikishe wapi?" Mara nyingi mzazi hangoji jibu. Anaongeza mwenyewe: "Mimi nataka afanye Sayansi."

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi wanalijua lakini hawalipimi. Katika nchi yetu mwanafunzi hachagui ugumu wa somo moja moja. Marekani, kwa mfano, kijana anaweza kuchukua hesabu ngumu na historia nyepesi, na mwaka unaofuata akabadilisha. Kwetu anachagua opsyo, na opsyo inakuja na mzigo wake wote kwa miaka minne ya humanité. Aliyeingia Sayansi hawezi kuacha fizikia kwa sababu imemshinda. Kubadilisha opsyo baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi ni kurudi nyuma. Na kwa kuwa masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, mwaka huo unaorudiwa unalipwa tena na baba na mama.

Mzazi wa Lubumbashi anayetaka Sayansi si mjinga. Mji huu umejengwa juu ya shaba, na kila mtu anaona jinsi injinia anavyoheshimiwa. Anayeota kuingia Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi atakutana na hesabu nzito tangu mwaka wa kwanza, na ni vigumu kuzibeba kama hakuzizoea humanité. Kuchagua kitu chepesi kwa woga tu ni hasara vile vile. Lakini ndoto ya mzazi si alama za mtoto, na alama zimeandikwa kwenye buletini.

Buletini isomwe polepole. Wengi wetu tunatazama asilimia ya mwisho pale chini, tunapiga makofi au tunagomba, basi. Ile asilimia inaficha mambo. Mtoto mwenye 65 kwa mia anaweza kuwa ameipata katika Kifaransa, dini, uraia na uchoraji, huku hesabu zikiwa chini ya nusu. Mwingine ana 56 tu, lakini hesabu na sayansi zake ni nzuri, kilichomwangusha ni lugha. Yupi kati yao yuko tayari kwa Sayansi? Weka buletini ya mwaka wa saba kando ya ile ya mwaka wa nane uone kama alama za hesabu zinapanda au zinashuka. Matokeo ya TENASOSP, ule mtihani wa mwisho wa mwaka wa nane, nayo yanasaidia, kwa sababu uliwekwa kwa ajili ya kuwaelekeza watoto. Kisha mwulize mtoto mwenyewe, bila wageni sebuleni.

Baada ya hapo nenda shuleni ukamwone prefe. Usiulize tu, "Mna Sayansi?" Uliza ni nani anayefundisha hesabu na fizikia katika mwaka wa tatu na wa nne, na kama yupo kweli mwaka mzima. Uliza kama kuna maabara, au kama kemia inafundishwa kwa chaki tu. Hapa mimi nina msimamo: opsyo ngumu katika shule isiyo na mwalimu wake inamlemea mtoto mara mbili, na mfuko wa mzazi pia, maana atatafuta mwalimu wa kumlipa nyumbani. Pédagogie au Commerciale inayofundishwa vizuri ni bora kuliko Sayansi ya jina. Shule zetu za kanisa, zinazoendeshwa chini ya mkataba wa 1977 na Serikali, nazo ziulizwe maswali haya haya bila haya.

Na tuache kusema kwamba opsyo fulani ni za wavivu. Mwanafunzi wa Pédagogie anaandaa masomo, anatengeneza vifaa, anasimama mbele ya watoto wa shule ya msingi huku anatazamwa. Katika Commerciale, aliyelala wakati wa uhasibu wa mwanzo hataelewa kinachofuata. Mwanafunzi wa umeme au wa ujenzi ana karakana pamoja na daftari. Tena Mtihani wa Serikali una siku nne, na siku ya opsyo ni moja tu. Nyingine ni za utamaduni wa jumla, sayansi na lugha. Aliyekimbia hesabu atazikuta huko, na yule wa Sayansi ataandika insha ya Kifaransa kama wenzake.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa kwenye buletini yoyote. Msichana anayechota maji kabla ya shule, anayesoma zamu ya mchana na kurudi kupika gizani umeme ukiwa umekatika, anapata saa ngapi za kusoma? Nimeona wasichana wenye alama nzuri za hesabu wakipelekwa kwenye ushonaji kwa sababu tu "ataolewa". Ushonaji ni kazi nzuri kwa anayeutaka. Kwa huyo mwingine, pengine kaka zake wangeweza kuchota maji.

Mkishachagua, msingoje matokeo ya mwisho wa mwaka. Buletini ya kwanza ya humanité ikija na alama za masomo ya opsyo zikiwa chini kabisa, rudini kwa prefe wiki hiyo hiyo. Huenda ni msaada mdogo tu unaohitajika. Na kama ni lazima kubadilisha, kuhama mapema kunapoteza wiki chache kuliko kungoja mpaka mwaka mzima uishe.