Kompyuta inazimika juu ya joto: kusugua radiateri na msasa kunasaidia?

Mama mmoja mwenye sekretaria publike alituletea swali tunalolisikia mara nyingi: «Mashine inazimika yenyewe katikati ya kuchapa TFC ya mwanafunzi. Fundi anasema atasugua radiateri na msasa, joto litashuka. Ni kweli, ao ni kunilia feza bure?»

Ni kweli, lakini si kwa kila mashine, na mara nyingi si hapo pa kuanzia.

Prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ni kidogo sawa vile kibiriti. Nyingi za kompyuta ya mezani zinatoa joto la wati 65 hivi zikifanya kazi kwa nguvu, zingine zinapita 100. Njo maana juu yake wanakaza radiateri ya aliminyumu ao ya shaba, na vantilateri ya kupuliza. (Shaba hiyo pengine ilitoka kwetu Kolwezi, ikazunguka dunia, ikaturudia ikiwa radiateri.) Joto lisipopata njia ya kutoka, prosesa inapunguza mwendo kwanza. Joto likizidi kupanda, nyingi zinazima mashine ili zisiungue.

Sasa, ukitazama uso wa chini wa radiateri utasema uko laini. Hapana. Una mifereji midogo ya mashine iliyoukata, na pengine katikati pamebonyea kidogo. Pale ambapo vyuma viwili havigusani panabaki hewa, na hewa ni mbaya sana kwa kupitisha joto: shaba inaipita zaidi ya mara 10,000. Pate ya joto, ile ya kijivu ao nyeupe wanayopaka katikati, kazi yake ni kuijaza ile mianya. Inashinda hewa mbali sana, lakini haifikii shaba hata kidogo. Kwa hiyo pate ikiwa nyembamba, ndiyo vizuri. Kusugua kunatafuta hilo tu: uso ulionyooka, ili pate ibaki kidogo.

Fundi anayejua hasugui mkononi. Anatoa vantilateri, analaza msasa juu ya kioo kinene kilichonyooka, anatia maji yenye sabuni kidogo. Anachora mistari ya makeri kwenye uso wa radiateri, kisha anaisukuma na kuivuta polepole bila kuikandamiza, anaigeuza robo, anaendelea. Wino unaobaki unaonyesha pale palipobonyea. Ukiisha wote, uso umenyooka. Anaanza na msasa wa 400, anapanda 600, 800, mpaka 1000. Wengine wanafika 2000 mpaka waone sura yao kama kwenye kioo. Hiyo ni kwa kufurahisha macho. Kinachopoza ni kunyooka, si kung'aa. Mwisho anaosha, anapangusa na alkoli, anakausha, anaweka pate mpya sawa punje ya mchele. Unga wa chuma unapitisha umeme, kwa hiyo kazi hii ifanyike mbali na mashine iliyofunguliwa.

Faida yake? Mara nyingi digrii mbili, tatu, pengine tano. Kama radiateri ilitoka kiwandani ikiwa imenyooka, hutaona kitu. Tena kuna zingine zilizotengenezwa makusudi na tumbo kidogo ili zikae vizuri juu ya prosesa, na zingine zenye mirija ya shaba inayogusa prosesa moja kwa moja. Kuta za mirija ile ni nyembamba. Ukizitoboa, radiateri imekufa. Kompyuta ya kubeba usiiguse na msasa. Na prosesa yenyewe usikubali isuguliwe: maandishi yake yanafutika, na garanti inaenda nayo.

Kabla ya yote hayo, tazama vumbi. Wenye kuishi Goma wanajua lile vumbi jeusi la volkano linavyoingia hata ndani ya sahani zilizofunikwa. Zima mashine, chomoa waya, fungua, toa vumbi na brosi laini, ukishika mapanga ya vantilateri yasizunguke. Kisha iwashe, uingie kwenye BIOS usome joto. Kama mashine haijaanza kazi na tayari inaonyesha digrii 80, hewa ao pate ina shida. Kama ni 40 na bado inazimika, tafuta kwenye alimantasyo ao kwenye umeme unaopanda na kushuka, msasa hautakusaidia.

Mashine ya yule mama ilifunguliwa mbele yake. Katikati ya mapezi ya radiateri vumbi lilikuwa limeshonana kama blanketi, na pate imekauka kama chaki. Walisafisha, wakaweka pate mpya. TFC ilichapwa siku ile ile, na radiateri haikusuguliwa.