MASIZI YA DIZELI HUKAA WAPI KATIKA MAPAFU?



Fundi wa gereji iliyofungwa, na dereva na utingo wanaongoja katika foleni ya malori mpakani Malaba huku injini zikinguruma, hupenga kamasi jioni na kuona weusi kwenye kitambaa. Wengi husema: uchafu umeshatoka, hakuna hatari. Huko ni kujidanganya. Uliotoka ni ule ulionaswa. Wa kuogopwa ni ule uliopita.

Pua ni chujio. Chembe kubwa, zinazozidi mikroni 10, hunaswa puani na kooni. (Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Zilizo ndogo zaidi huingia katika mirija ya mapafu. Humo mna ute unaonata, na vinyweleo vidogo sana vinavyousukuma juu mpaka kooni, tukautema au kuumeza. Moshi wa sigara hudhoofisha vinyweleo hivyo, kwa hiyo mvuta sigara hubeba mzigo mara mbili.

Masizi ya dizeli ni madogo mno. Chembe zake nyingi hazifikii hata mikroni moja, hali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Hupita mpaka mwisho wa mirija, kwenye vifuko vya hewa, mahali damu inapochukua oksijeni. Huko hakuna vinyweleo. Seli za ulinzi za mwili huzimeza chembe hizo, lakini kuziondoa huchukua wiki na miezi, na kila siku mzigo mpya huletwa. Nyingine hubaki humo miaka. Mapafu hupata uvimbe wa ndani, pumzi hupungua, na moyo pia huumia.

Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema kwamba huenda moshi wa dizeli unaleta saratani. Mwaka 2012 lilithibitisha kwamba unaleta saratani ya mapafu.

Je, tufunge kitambaa usoni? Kitambaa hupunguza vumbi la barabara, lakini masizi hayo hupenya. Dawa ni kuuondoa moshi kabla haujafika puani: injini izimwe gari linaposimama, bomba liungwe kwenye ekzosi kupeleka moshi nje ya gereji, milango iwe wazi na feni ziwekwe, gari linalotoa moshi mweusi litengenezwe mapema.

Nani alipe? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo.

Basi kila tawi liandike orodha ya mahali penye moshi kazini, na orodha hiyo iwekwe mezani katika mkutano ujao na mwajiri. Mshahara hulipia kazi yetu. Haulipii mapafu yetu.